Milima, Bahari na Hiari ya Watu: Wayunani na Warumi katika Nchi Zao



Mazungumzo yangu ya jioni hii yanahusu mataifa mawili ya kale, Wayunani na Warumi, ambao habari zao tumezisoma shuleni kwa majina ya wafalme na majemadari, kwa tarehe za vita na kwa hotuba za wenye hekima, lakini ni mara chache mno tumeonyeshwa nchi yenyewe waliyoikanyaga: milima iliyowatenga, pepo zilizowapeleka na kuwazuia, udongo uliowanyima ngano ukawapa zaituni, na mto mmoja usio mkubwa uliokuwa na kivuko mahali ambapo watu wa kaskazini na watu wa kusini hawakuwa na budi kukutana. Nataka kuwaeleza jinsi nchi ilivyowalea watu hao, na fauka ya hayo nataka kusema, kwa kuwa ni jambo ninaloliamini kwa dhati, ya kwamba nchi haikupata kumwamuru mtu hata siku moja. Ilimwekea mbele yake mambo ya kuchagua, na mwenye kuchagua alikuwa yeye.

Tuanze na Uyunani. Atakayeitazama ramani ya nchi ile ataona kwanza jinsi ardhi na bahari zilivyoingiliana: ghuba zimepenya ndani ya bara, rasi zimejitokeza baharini, na visiwa vimetapakaa katika Bahari ya Aegean hata nahodha aliyeng'oa nanga Attica kwenda pwani ya Asia Ndogo, siku ambayo anga ni safi, huona kilele cha kisiwa kingine mbele yake kabla hakijapotea machoni kile alichokiacha nyuma. La pili atakaloliona ni milima. Sehemu nne katika tano za nchi ile ni milima na vilima vya mawe ya chokaa, na mlima Olympus, walikodhani miungu wao wanakaa, wapita mita 2,900 kwenda juu. Kati ya milima hiyo yamo mabonde madogo madogo yenye vijito vinavyofurika wakati wa mvua za baridi na kukauka wakati wa hari, na katika mabonde hayo watu walijenga miji yao, na kila mji ukawa dola kamili yenye sheria zake, sarafu zake, jeshi lake na mungu wake mlinzi. Ukizihesabu pamoja na zile za ng'ambo, dola hizo zilizidi 1,000.

Mkulima wa Thebes na mkulima wa Athens walisema lugha moja, walimwabudu Zeus yule yule, na kila baada ya miaka 4 waliweza kukutana Olympia kwa michezo na ibada. Walakini walipigana vita vya kumwaga damu kwa ajili ya shamba la mpakani. Desturi ni kusema kwamba milima ndiyo iliyowafarikisha, na neno hilo lina kweli ndani yake, ila si kweli yote. Katika uwanda wa Boeotia, ambako hapana mlima wa kuwatenga watu, zilikuwako Thebes, Plataea, Thespiae na Orchomenos, dola nne zilizochukiana. Milima iliwapa Wayunani nafasi ya kukaa mbalimbali. Kupenda kukaa mbalimbali, na kuona kwamba mtu huru ni yule anayetawaliwa na mji wake tu, hilo walilitia moyoni wenyewe.

Sasa tuitazame Attica, nchi ya Waathene, kwa kuwa ndiyo inayotuonyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingine. Haikujaliwa udongo mwema. Thucydides, mwanahistoria aliyezaliwa humo, aliandika kwamba umaskini wa udongo ndio uliowawezesha wenyeji wake kukaa pale pale tangu enzi za kale pasipo kuhamishwa, kwa maana nchi nono ndizo zilizogombaniwa. Shayiri ilikubali kidogo, ngano kwa shida. Kilichostawi ni mzaituni, ambao mizizi yake huyatafuta maji katika nyufa za mawe na kustahimili miezi mizima isiyo na tone la mvua, na mzabibu katika miteremko ya vilima. Mafuta na mvinyo ni mali njema, lakini mtoto mwenye njaa hashibi kwa mafuta. Kwa sababu hiyo Solon, aliyepewa mamlaka mwaka 594 kabla ya Masihi ayatengeneze mambo ya mji uliokuwa umezama katika madeni, alipiga marufuku mazao ya shamba yasiuzwe ng'ambo, ila mafuta ya zaituni peke yake. Katika sheria ile fupi imo tabia nzima ya nchi ya Attica: nafaka iliyo haba isitoke, mafuta yaliyo tele yatoke, na mitungi ya udongo iliyofinyangwa na mafundi wa mjini iyachukue mpaka kwenye masoko ya mbali, kisha vyombo virudi na ngano. Ngano yenyewe ilitoka mbali kwelikweli, katika nchi zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi, ikapitia mlango wa Bosporus na mlango wa Hellespont, na tangu hapo ikawa uhai wa Athens wategemea mapito mawili membamba ya maji ambayo raia wengi wa mji ule hawakupata kuyaona kwa macho.

Huko kusini ya Attica, karibu na rasi ya Sounion, kuna vilima viitwavyo Laurion, na chini yake yalikuwako madini ya fedha. Waliochimba walikuwa watumwa, wakitambaa kwa magoti na kwa viwiko katika mashimo yaliyotosha mtu mmoja, na haifai kuzungumza juu ya utukufu wa Athens bila kuwataja watu hao ambao majina yao hayakuandikwa. Mwaka 483 kabla ya Masihi tabaka nono ya fedha ilipatikana, hazina ya mji ikajaa, na rai iliyopendwa na wengi ilikuwa kwamba mali ile igawanywe, kila raia apewe drakma 10 aende nazo nyumbani kwake. Akasimama Themistocles, mwanasiasa wa mji, katika mkutano wa raia akawashauri wasigawane hata kidogo, bali wajenge merikebu za vita, na hoja aliyoitoa ilikuwa ugomvi wao na kisiwa cha Aegina, ambacho huonekana kutoka pwani yao. Watu wakakubali. Mwanahistoria Herodotus asema merikebu zilizojengwa zilikuwa 200.

Miaka 3 haikupita ila Xerxes, mfalme wa Waajemi, akavuka Hellespont na jeshi ambalo Uyunani haikuwa imeona mfano wake. Alizuiwa kwa muda pale Thermopylae, mahali ambapo mlima ulikaribiana na bahari hata njia ikawa nyembamba mno, kisha akapita, akaingia Attica, akauchoma moto mji wa Athens, ambao watu wake walikuwa wamekwisha kuuhama kwa vyombo. Lakini katika mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Salamis na bara, merikebu za mfalme ziliingia nyingi mno kwa nafasi iliyokuwapo, zikabanana, zikavunjana makasia, na wingi wao wenyewe ukawa ndio msiba wao. Nawauliza, wasikilizaji, ni nchi iliyoshinda siku ile? Wembamba wa maji yale ulikuwako tangu zamani za zamani, na fedha ya Laurion ilikuwako kabla mwanadamu hajafika huko. Na lau raia wa Athens wangalizipokea drakma 10 zao kila mtu, hapana shaka wangalikula na kunywa kwa muda wa siku chache, na mlango wa Salamis ungalikaa bila merikebu. Nchi ni kama ubao wa bao: mashimo yalikwisha kuchongwa na fundi, na hakuna mchezaji awezaye kuyahamisha, lakini shauri la kete ni lake mwenye kucheza.

Tena merikebu zile zilizaa jambo jingine ambalo Themistocles mwenyewe yamkini hakulitazamia lote. Kila merikebu ya safu tatu za makasia ilihitaji wavutaji 170, na wavutaji hao walikuwa kwa sehemu kubwa raia maskini, watu wasioweza kununua deraya wala ngao, ambao katika vita vya nchi kavu hawakuwa na daraja. Sasa mji uliokolewa kwa mikono yao, na mtu aliyeuokoa mji kwa jasho lake hawezi kuambiwa anyamaze mkutanoni. Baada ya Salamis sauti ya maskini katika Athens ilizidi kuwa na uzito mwaka hata mwaka, na ile namna ya utawala ambayo wao waliiita demokrasia, yaani utawala wa umma, ilitia mizizi katika mabao ya wavutaji makasia kama ilivyotia katika hotuba za wasemaji.

Kilomita 150 tu kutoka huko, kwa mwendo wa ndege, walikaa Wasparta, Wayunani kama wenzao, nao waliyapatia maswali yale yale majibu yaliyo mbali kabisa. Bonde lao la mto Eurotas lilikuwa na rutuba, bahari haikuwa mbali, na nyuma yao upande wa magharibi ulisimama mlima Taygetus. Watu wao walipozidi na ardhi ikapungua, miji mingine ya Uyunani ilikuwa ikipeleka vijana wake ng'ambo watafute makao mapya. Wasparta wao, ingawa walipata kujenga mji mmoja huko Italia, tamaa yao kubwa waliielekeza ng'ambo ya mlima, wakaitwaa nchi ya Messenia na kuwafanya wenyeji wake kuwa watumwa wa kulima. Tangu hapo hawakuwa na raha. Mtu aliyezungukwa na watumwa wengi kuliko yeye hulala na silaha kando, na ile elimu kali ya Kisparta inayosifiwa vitabuni, ya kuwatoa watoto wa kiume kwa mama zao na kuwakomaza kambini kwa njaa na fimbo, asili yake ni khofu hiyo. Mambo yalikaa hivyo karne na karne, hata Epaminondas wa Thebes alipowashinda huko Leuctra mwaka 371 kabla ya Masihi, akaenda akawakomboa Wamessenia na kuwajengea mji wao mwaka 369, na Sparta haikuinuka tena kuwa dola yenye kuogopwa.

Waathene nao bahari iliwalipa kwa kadiri walivyoiamini. Katika vita vyao virefu na Sparta, vilivyoanza mwaka 431 kabla ya Masihi, walijifungia ndani ya kuta ndefu zilizouunganisha mji na bandari yake ya Piraeus, wakala ngano ya ng'ambo, wakawaachia adui mashamba yao. Maradhi yaliwaua kwa maelfu kwa msongamano, wasikubali kushindwa. Walichoweza kuuawa nacho ni kimoja tu. Mwaka 405 Lysander wa Sparta alizinasa merikebu zao ufuoni pale Aegospotami, ndani ya mlango wa Hellespont kwenyewe, ngano ikakatika, na mwaka uliofuata mji ukasalimu amri kwa njaa.

Kabla hatujawaacha Wayunani, yapasa kutaja pepo. Katika Aegean, wakati wa hari, upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu wiki nyingi mfululizo, na wakati wa baridi tufani hazina miadi. Kwa hiyo mwaka wa baharia ulikuwa mfupi, na mshairi Hesiod alikwisha kuwahadharisha wakulima wenziwe kwamba wakati ulio salama ni siku 50 hivi baada ya jua kufikia upeo wake wa kaskazini. Philip wa Makedonia, baba yake Iskandari, aliijua hesabu hiyo vizuri. Alipotaka kuushambulia mji ulio rafiki wa Athens huko kaskazini, alingoja majira ya upepo au majira ya tufani, akijua kwamba msaada hautafika kwa wakati, na Demosthenes, msemaji wa Athens, aliwalilia raia wenzake waweke jeshi la kudumu katika visiwa vya karibu na Makedonia lisilohitaji kungoja upepo. Hawakuliweka, na mwishowe Philip akawashinda.

Ama Roma, habari yake ni nyingine. Safu ya milima ya Apennines yashuka na nchi ya Italia tangu kaskazini mpaka kusini, lakini imeelemea mashariki, hata pwani ya Adriatic imebanwa na haina bandari nyingi njema. Nyanda zilizo pana na nono ziko magharibi, Etruria, Latium na Campania, na udongo wao umetokana na majivu ya volkano za kale. Kwa hiyo, hali Uyunani yaelekeza bandari zake mashariki, kwenye Asia na Misri, Italia yaelekeza uso wake magharibi.

Kati ya nyanda hizo hupita mto Tiber, na mahali palipo kilomita 25 hivi kutoka baharini mto huo una kisiwa kinachorahisisha kuvuka, na kando yake vipo vilima ambavyo mtu akikaa juu yake husalimika na mafuriko, na homa, na adui. Aliyetoka kwa Waetruski kwenda Campania alipita hapo. Aliyechukua chumvi kutoka mabwawa ya pwani kuwapelekea Wasabini wa milimani, ambao mifugo yao na nyama yao haikuweza kukaa bila chumvi, alipita hapo hapo, na barabara yake yaitwa Njia ya Chumvi mpaka leo. Bonde lililo katikati ya vilima lilikuwa kinamasi. Warumi walilichimbia mfereji mkuu, maji yakatoka, wakapata uwanja wa soko, wa mahakama na wa siasa, ule ambao dunia nzima imelijua jina lake la Forum. Cicero, msemaji wa Kirumi aliyeandika juu ya dola miaka 700 baada ya ile tarehe ya mapokeo inayotajwa kuwa ya kuanzishwa kwa mji, yaani mwaka 753 kabla ya Masihi, alimsifu Romulus kwa kutoujenga mji wake ufuoni, akasema mji wa pwani hushambuliwa ghafula na desturi zake huharibiwa na wageni na biashara. Sisi watu wa pwani hatuwezi kuikubali hoja yake ya pili, kwa sababu twajua mji wa bandari waweza kuwa na adabu na elimu kuliko wa bara. Ila kuhusu usalama alisema kweli.

Nchi ya Italia haikuwagawanya watu kwa ukali kama ilivyo Uyunani, na jeshi laweza kwenda mbali bila kuvuka maji. Warumi waliikamata nafasi hiyo kwa barabara. Mwaka 312 kabla ya Masihi Appius Claudius alianza ile iliyopewa jina lake, Via Appia, kutoka Roma mpaka Capua, karibu kilomita 200, mahali pengi imenyooka kabisa, hata katikati ya mabwawa ya Pontine. Na kila nchi waliyoishinda waliifuatishia barabara na makao ya askari wakulima. Lakini nguvu yao kubwa kuliko barabara ilikuwa uraia. Mwaka 451 kabla ya Masihi, kwa shauri la mwanasiasa Pericles, Athens iliamua kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili ni Waathene. Bali Roma iliwapa waliokuwa adui zake wa jana, leo nusu ya haki na kesho haki yote, wakati mwingine kwa hiari na wakati mwingine, kama katika vita vya mwaka 91 kabla ya Masihi na washirika wake wa Italia, baada ya kulazimishwa kwa damu, mpaka mwaka 212 baada ya Masihi mfalme Caracalla alipowapa uraia karibu watu huru wote wa dola yake. Hannibal, jemadari wa Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, alipovuka milima ya Alps mwaka 218 kabla ya Masihi, akawaua Warumi kwa makumi ya maelfu katika siku moja pale Cannae mwaka 216, alitaraji kwamba Italia itabomoka. Baadhi ya miji ya kusini ilimwendea, kweli, lakini makoloni ya Kilatini yaliyokaa juu ya barabara na vivuko yalimfungia milango, akazunguka katika nchi ile miaka mingi asipate kuimega. Milima mirefu kuliko yote ya Ulaya magharibi haikumzuia. Kilichomzuia ni ahadi ambazo Roma ilikuwa imezitimiza kwa majirani zake.

Bahari Warumi waliijia kwa kuchelewa na kwa ukaidi. Vita vya kwanza na Carthage vilipoanza mwaka 264 kabla ya Masihi kwa ajili ya kisiwa cha Sicily, hawakuwa na merikebu kubwa hata moja ya kujivunia. Mwanahistoria Polybius asimulia kwamba waliikamata merikebu ya Carthage iliyopanda mwamba, wakaifanya kielelezo, wakaunda 100 za namna ile, na wakati mafundi walipokuwa wakipiga misumari, wavutaji makasia walifundishwa wakiwa wamekaa juu ya mabao nchi kavu. Kisha wakabuni daraja la mbao lenye mdomo wa chuma wa kung'ata merikebu ya adui, askari wavuke wapigane kama waliozoea kupigana uwandani, na kwa hilo wakashinda pale Mylae mwaka 260. Miaka 5 baadaye manahodha wao waliwaonya majemadari wasiipitie pwani ya kusini ya Sicily majira yale. Majemadari hawakusikia. Katika merikebu 364 zilisalia 80, na Polybius aongeza neno zito, kwamba Warumi hutumia nguvu katika kila jambo, na nguvu hufaulu mbele ya watu, bali mbele ya bahari na hewa huleta maangamizi. Walijenga nyingine hata hivyo, wakashinda.

Nami hustaajabu zaidi kwa kazi waliyoifanya kwa mchanga wa Puteoli. Karibu na volkano za Campania, jirani na mlima Vesuvius ule ule ulioufukia mji wa Pompeii mwaka 79 baada ya Masihi, kuna majivu ambayo yakichanganywa na chokaa na mawe hugandamana hata chini ya maji ya bahari na kuwa mwamba. Kwa majivu hayo Warumi walifanya bandari mahali ambapo Mungu hakuweka bandari. Herode, mfalme wa Wayahudi, aliyapeleka kwa merikebu mpaka Palestina kujengea gati za Kaisaria, na mfalme Klaudio wa Roma akaanza mwaka 42 bandari mpya karibu na mlango wa Tiber, ili ngano ya mji mkuu iwe na mahali salama pa kushukia. Na kuba la hekalu la Pantheon, lenye upana wa mita 43, lililojengwa kwa zege isiyo na chuma, bado limesimama Roma, na hakuna kuba la zege isiyo na chuma lililo kubwa kuliko hilo.

Ngano yenyewe, baada ya Augusto kuitwaa Misri mwaka 30 kabla ya Masihi, ilitoka kwa wingi Iskandaria. Kwenda huko kutoka Italia ni tanga jema, upepo u nyuma; kurudi na shehena ni kazi ya miezi, kwa kupanda mpaka Asia Ndogo, kisha Krete, ukiuibia upepo kidogo kidogo. Waliosoma kitabu cha Matendo ya Mitume waikumbuka merikebu ya Iskandaria iliyomchukua Mtume Paulo pamoja na watu 275 wengine na shehena ya ngano, iliyochelewa mpaka majira ya hatari, ikashikwa na ule upepo wa Eurakilo, ikavunjika Melita. Mtu aweza kuisoma habari ile kwa ajili ya imani, na aweza pia kuisoma kwa ajili ya elimu ya bahari, maana aliyeiandika ataja kila upepo, kila rasi na kila kipimo cha kina cha maji.

Ni kwa njia hiyo ya Misri ndipo watu wa Bahari ya Kati walipofika katika bahari yetu, Bahari ya Hindi. Huko kwao upepo wa hari ni mmoja na wa baridi hauaminiki. Huku wakakuta bahari ambayo upepo wake hugeuka mara mbili kwa mwaka kwa ahadi isiyovunjwa, kaskazi na kusi. Waarabu na Wahindi walikuwa wamekwisha kuijua siri hiyo tangu zamani, na Wayunani wa Misri waliipata kwao. Strabo, mwanajiografia wa Kiyunani, aeleza kwamba wakati wake merikebu 120 zilikuwa zikiondoka Myos Hormos, bandari ya Bahari ya Sham, kwenda Bara Hindi. Na katika karne ile ya kwanza baada ya Masihi mfanyabiashara mmoja wa Misri, mwenye kuandika Kiyunani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliacha kitabu cha njia za bahari hiyo, akaitaja pwani yetu ya Afrika Mashariki kwa jina la Azania, na soko lake la mwisho, Rhapta, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa, na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Akasema tena kwamba manahodha wa Kiarabu waliokuja huko walikuwa wameoa wenyeji na kuijua lugha ya nchi.

Nimelitaja jambo hilo la mwisho kwa makusudi. Kwa sababu Wayunani na Warumi wenyewe walikuwa na elimu yao juu ya nchi na tabia za watu, nayo ilikuwa na kosa kubwa ndani yake. Aristotle alifundisha kwamba watu wa nchi za baridi wana ushujaa bila akili, na watu wa Asia wana akili bila ushujaa, na Wayunani, kwa kuwa wakaa katikati, wamejaliwa yote mawili. Vitruvius, Mrumi, alipoyarudia mafundisho hayo karne tatu baadaye, aliihamisha katikati hiyo mpaka Italia. Hata Ibn Khaldun, ambaye namheshimu kuliko wanahistoria wengi, alipoandika Muqaddima yake mwaka 1377 aligawanya dunia kwa tabaka za joto na baridi, akayaweka mema katika zile za katikati na kuwadharau watu wa kusini. Kila mwenye kalamu ameiona katikati ya dunia nyumbani kwake. Na elimu hiyo haikubaki vitabuni: ilitumiwa kuhalalisha utumwa, na katika zama za karibu ikatumiwa kuwaambia watu wa nchi za joto kwamba jua lao ndilo lililowanyima akili ya kujitawala. Hiyo ni batili, na historia yenyewe ya Wayunani yaishuhudia batili yake, kwa kuwa Athens na Sparta zilikuwa chini ya jua moja, na walipotaka kuvuka bahari yenye joto kuliko zote wanazozijua, ilibidi wafundishwe na watu wa joto.

Kwa hiyo nawaomba walimu mnaonisikiliza, kesho mtakapowafundisha watoto habari za Pericles na Kaisari, fungueni kwanza ramani. Waonyesheni mlango wa Hellespont, kivuko cha Tiber, vilima vya Laurion, kisha waulizeni wao wangalifanya nini mahali pale, na msikilize wanavyojibu.